Dhiraa katika Hati za Ardhi: Tahadhari katika Kugeuza Vipimo
Makala haya yanafafanua dhiraa, kipimo cha umbali kilichotumika katika mwambao wa Afrika Mashariki. Shibiri mbili ni dhiraa moja. Dhiraa nne ni pima moja. Dhiraa kamili, takriban sentimita 46, huanzia kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati, ilhali dhiraa konde huishia kwenye ngumi iliyofumbwa. Tofauti ya sentimita 5 tu kwa kila dhiraa huzaa mita 5 katika mpaka wa dhiraa 100. Hivyo, vipimo vya hati ya zamani visigeuzwe kuwa mita kwa hesabu pekee. Kwanza zitambuliwe alama za kudumu zinazotajwa humo, kama vile kisima au ukuta, kisha umbali baina yake upimwe upya; hapo ndipo thamani ya dhiraa ya hati hiyo itakapobainika.