Kuku Akikoroma, Usikimbilie Dukani

Saa nane mchana, jua la Dodoma likiwa la utosi, kuku wa uani hupanua midomo na kuhema. Huo si ugonjwa. Kuku hatoki jasho, hivyo hupoza mwili kwa kuhema. Akipata kivuli na maji ya baridi hutulia. Wasiwasi uanze pale anapohema alfajiri kwenye ubaridi, au anapokoroma usiku.

Wafugaji wazoefu husikiliza banda baada ya magharibi. Kuku wakishatulia kwenye vichanja gizani, mkoromo na chafya husikika waziwazi, hata kama mgonjwa alishinda akichakura na wenzake. Kuku huficha maradhi. Mpaka ajikunyate na manyoya yamsimame, huenda ameumwa siku kadhaa.

Maumbile yake yanachangia. Kuku hana kiwambo kati ya kifua na tumbo, na mapafu yake yameungana na vifuko vya hewa vilivyosambaa mwilini, vingine hadi ndani ya mifupa. Vimelea vikiingia puani hufika mbali. Ndiyo maana pia mgonjwa hashikwi kwa kubanwa kifua: kisipopanuka, hewa haiingii, na anaweza kufia mikononi.

Mitaani kila mkoromo huitwa mafua, na hapo ndipo pesa hupotea. Mafua yenyewe husababishwa na bakteria: uso huvimba, jicho hufumba, pua hutoa ute unaonuka vibaya. Hutibika kwa antibayotiki, lakini kuku aliyepona anaweza kubaki na vimelea na kuwaambukiza wapya wanaoletwa bandani. Mkoromo unaodumu wiki nyingi huweza kuwa wa maikoplazma, ambayo hupita hata kwenye yai hadi kwa kifaranga. Ndui nayo ikiingia kooni huota utando wa njano unaoziba hewa. Ukimfungua kuku mdomo mwangani, utauona.

Unaotisha zaidi ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kuku huhema kwa shida, huharisha kijani, hushusha mabawa, na wengine hupinda shingo. Banda lisilochanjwa linaweza kubaki tupu ndani ya siku chache. Huu ni ugonjwa wa virusi na hauna tiba. Antibayotiki haiui virusi, hata ikinunuliwa kwa bei gani.

Kinga ipo, na ni rahisi. Chanjo ya I-2 ilitokana na kazi ya Profesa Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliotafuta chanjo inayostahimili joto kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu. Tanzania huitengeneza Kibaha, chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari. Tone moja la jicho latosha kwa kuku mmoja, awe kifaranga au jogoo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Huchanjwa kuku wazima, si waliokwisha kuugua.

Wakati mwingine mkosaji ni banda lenyewe. Mbolea mbichi iliyolowa hutoa amonia, gesi inayochoma macho na kuchubua njia ya hewa hadi vimelea vikapata pa kuingilia. Kuipima hakuhitaji kifaa: mfugaji achuchumae, pua yake iwe usawa wa kichwa cha kuku. Macho yakimwasha, atoe maranda yaliyolowa, aweke makavu, kisha afungue madirisha ya juu ili hewa ichafu itoke bila upepo kuwapiga kuku waliolala. Maranda yenye ukungu yasiingie kabisa, hasa kwa vifaranga, kwani ukungu huota ndani ya mapafu.

Mgonjwa atengwe siku ileile, apewe chombo chake cha maji, na ahudumiwe baada ya wazima. Kama mtaalamu ameagiza antibayotiki, dozi imalizwe, na mayai na nyama visiliwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye kibandiko zipite.

Kuku wakifa wengi kwa ghafla, usiwachinje waliobaki wala kuwapeleka sokoni. Huenda ni mdondo, huenda ni homa ya mafua ya ndege, ambayo humwambukiza na binadamu. Usishike mizoga kwa mikono mitupu. Mwite afisa mifugo wa kata achukue sampuli.