Neno "Wakili": Asili na Maana Yake

Neno wakili limezoeleka mno hata wengi wetu hudhani kwamba halina maana nyingine ila mwanasheria atetezaye watu mahakamani. Maana hiyo ni tawi tu. Shina lake ni pana zaidi, na asiyelijua aweza kupata hasara.

Kwa asili neno hili ni la Kiarabu, nalo latokana na mzizi w-k-l, wenye maana ya kumwachia mwingine jambo kwa kumtegemea. Mzizi huohuo ndio uliotupa neno tawakali. Katika fikihi, wakili ni mtu yeyote aliyepewa idhini ya kutenda kwa niaba ya mwenziwe: kuuza, kununua, kudai deni au kuozesha. Katika ndoa za Waislamu wa mwambao, walii, ambaye haki yake hutokana na nasaba, aweza kumweka wakili, ambaye haki yake hutokana na idhini peke yake.

Mfumo wa sheria wa Kiingereza ulipoenea, palihitajika jina la mtu asemaye kwa niaba ya mwenye kesi, na wakili likapewa kazi hiyo. Nchini Kenya maana hii ndiyo itawalayo leo. Ile maana ya kale imehamia kwa wakala. Katika Kiarabu, wakala ni ule uwakilishi wenyewe. Katika Kiswahili limekuwa jina la mtu, kama wakala wa bima, na dhana yenyewe tukaiundia uwakala kwa kiambishi u-.

Mgawanyo huu haujakamilika, na hapo ndipo penye hatari. Mzee aletewapo "hati ya uwakili" juu ya shamba lake, aweza kudhani kwamba anamwajiri mtetezi wa kesi. Kumbe hati hiyo yaweza kumpa mtu asiye mwanasheria uwezo wa kuliuza shamba hilo, na atendalo mtu huyo ndani ya mipaka ya idhini humfunga mwenye mali.

Kwa maoni yetu, yafaa hati hiyo iitwe hati ya uwakala, na uwakili uachiwe mahakama. Hadi hapo, kabla ya kutia sahihi, mwenye mali asiulize tu kama mtu huyu ni wakili. Na aulize: atatenda nini kwa jina langu, na mpaka wapi?