Dhahabu ndani ya kipimo cha malaria
Katika zahanati za mipakani, kuanzia Kigoma hadi Busia, kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu kwa mstari mwekundu. Rangi hiyo si wino. Katika vipimo vingi ni chembe za dhahabu zenye upana wa nanomita 40 hivi, ndogo kuliko unywele takribani mara 2,000.

Mwanga ukizipiga, elektroni zake hutikisika pamoja na kufyonza rangi ya kijani. Jicho hubakiwa na wekundu. Kingamwili zilizopakwa juu ya chembe hunasa protini ya vimelea, na chembe hujikusanya mstarini.

Protini ikiwa kidogo, wekundu hufifia. Lakini mstari hafifu, ule wa herufi C nao ukionekana, bado ni malaria. Kuupuuza ni kumrudisha mgonjwa nyumbani bila dawa.