Samaki aliyedhaniwa maiti, na nguva anayetuponyoka

Juzi, baada ya sala ya Alasiri, nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Malindi, kikombe cha kahawa mkononi, mjukuu wangu aliponijia mbio na daftari lake la shule. "Babu," akaniuliza, "nguva ni mtu au ni samaki?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi nguva nimemwona kwa macho yangu, na nyama yake nimeila. Yeye nguva wake ni wa ngano, sawa na jini na zimwi.

"Kaa kitako," nikamwambia. "Nguva nitamweka mwisho. Kwanza nikupe habari za wenziwe." Na habari hizo, wasomaji wapenzi, nawapa nanyi mzisikie, maana mambo ya pwani yetu mara nyingi twayasikia kwa wageni kabla ya kuambiana wenyewe.

Tuanze na mnyama aliyeiletea Malindi sifa mbali sana. Mwaka 1415 wajumbe kutoka Malindi walifika China na twiga, zawadi kwa mfalme Yongle wa nasaba ya Ming. Hebu mfikirie twiga merikebuni, miezi na miezi, shingo juu, mawimbi chini! Wachina walikuwa na mnyama wao wa masimulizi aitwaye qilin, ambaye waliamini hatokei ila katika zama za mfalme mwadilifu. Walipomwona twiga wakasema ndiye huyo. Basi mnyama ambaye kwetu hula majani ya migunga, kule akawa dalili ya heri ya dola nzima. Na jambo la ajabu zaidi ni kwamba shingo lote lile lina mifupa saba tu, sawa na lako wewe unayesoma.

Sasa tutoke baharini tuingie msituni. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko hapa mlangoni petu, kati ya Kilifi na Malindi, na wengi wetu twaupita garini bila hata kugeuza uso. Ndani yake yumo sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, kinyama chenye pua ndefu ya kupinda, mfano wa mkonga. Dume na jike wake huoana maisha, lakini kila mmoja hulala peke yake katika kiota chake. Jirani yangu mmoja asema hiyo ndiyo siri ya ndoa yao kudumu!

Ukimtazama sange utasema ni jamaa wa panya. La. Wataalamu waliochunguza nasaba za wanyama wamegundua kwamba sange, pimbi, ndovu na nguva wote wametoka katika ukoo mmoja. Kwa hiyo katika msitu huo mmoja anaishi ndovu, na miguuni pake anapita jamaa yake asiyefika hata kilo moja.

Humo pia yumo bundi mdogo sana, ambaye urefu wake hauzidi kalamu ya wino. Wataalamu hawakumtambua mpaka mwaka 1965. Sisi tukisikia sauti ya bundi usiku twasema ni kisirani, twafunga dirisha. Kumbe huyu mtu husafiri kutoka Ulaya, akalipa pesa nyingi, apate kumwona akiwa amesinzia mtini.

Lakini kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha samaki gombessa. Mifupa yake ilikuwa ikipatikana ndani ya mawe, na wataalamu wakakata shauri kwamba samaki huyo alitoweka duniani zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Mwezi wa Desemba 1938 akavuliwa Afrika Kusini, mbichi kabisa! Mtaalamu wa samaki, J.L.B. Smith, akatafuta wa pili kwa miaka kumi na minne, akisambaza matangazo pwani nzima ya Afrika Mashariki na kuahidi zawadi ya pauni 100. Desemba 1952 akapatikana kisiwani Nzuani, Komoro. Wenyeji wakastaajabu, si kwa kumwona samaki, bali kwa kuona watu wanavyomshangilia. Wao walikuwa wakimvua tangu zamani na jina wamempa. Yasemekana magamba yake makavu waliyatumia kusugulia mpira wa baiskeli kabla ya kuziba pancha.

Na mwezi wa Aprili 2001, meli ya uvuvi ilimnasa gombessa katika bahari yetu hii hii ya Malindi, jike mwenye uzito wa zaidi ya kilo 70. Akahifadhiwa na Makumbusho ya Taifa. Mapezi yake yamekaa kama miguu na mikono, na huzaa watoto hai, hatagi.

Mjukuu wangu akauliza, "Kwa nini yeye hakufa, babu?"

Swali zuri. Gombessa hukaa kilindini, kwenye mapango ya chini kabisa, na nyama yake ina mafuta mengi, haina ladha. Ubaya wa nyama yake ndio uliomsitiri.

Nguva hakupata bahati hiyo. Yeye hukaa maji machache, hula nyasi za baharini, ni mpole, hana meno ya kumtisha mtu wala mbio za kukimbilia. Nilipokuwa mtoto, miaka ya sitini, marehemu baba alinichukua Ngomeni, na asubuhi moja wavuvi wakavuta jarife, nguva ndani. Alikuwa jike, na maziwa yake yako kifuani kama ya mama zetu. Alikuwa amekwisha kufa, kwani nguva hupumua hewa kama sisi, na akizuiwa na wavu asipande juu, hufa maji. Tukagawana nyama. Ilikuwa tamu kama ya ng'ombe. Sikumwonea huruma wakati ule, kwa sababu tulidhani wako wengi.

Nguva hubeba mimba zaidi ya mwaka, akazaa mtoto mmoja, kisha hupita miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Ukiua mmoja, kumrudisha ni kazi ya miaka. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba pwani yote ya Afrika Mashariki imebakiwa na nguva wazima wasiofika 250, wengi wao wakiwa Msumbiji.

Msidhani haiwezekani waishe. Kule bahari ya kaskazini, karibu na Urusi, nguva alikuwa na jamaa yake mkubwa kuliko yeye mara nyingi. Wasafiri walimwona mara ya kwanza mwaka 1741, wakaona nyama yake ni nzuri. Kufikia mwaka 1768 alikuwa hayuko tena. Miaka ishirini na saba tu!

Sheria inamlinda nguva, lakini sheria haiko jahazini usiku wavu unapotoswa. Aliye huko ni mvuvi na Mola wake. Ndugu zangu wavuvi, mkimwona amenasa naye angali hai, mkateni kamba aende zake. Viumbe hivi ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe ikiwa kamili.

Nilipomaliza, mjukuu wangu alikuwa ameinamia daftari. Nikachungulia. Ameandika: "Nguva alikuwa mnyama wa baharini."

Nikamwomba ufutio. "Futa 'alikuwa'," nikamwambia. "Andika 'ni'."