Watu wa Kamongo na Watu wa Senene



Jioni hii nataka kuwaeleza jambo ambalo wengi wenu mnalo nyumbani kwenu, ila kwa kuwa mmelizoea hamlitazami tena. Msafiri aingiapo nchi ya Buganda, akawauliza watu ukoo wao, wa kwanza aweza kumjibu kwa jina la samaki. Wa pili atamjibu kwa jina la panzi, wa tatu kwa jina la uyoga, na wa nne atasema yeye ni wa moyo. Mgeni asiyejua atadhani anafanyiwa mzaha. Kumbe wote wanne wamemjibu kwa adabu kabisa, na tena wamemwambia mambo mengi kwa neno moja: ni nani babu yao, hawali nini, hawawezi kumwoa nani, na msiba ukitokea watakaa na watu gani.

Kitu hicho ambacho mtu hujitaja kwacho, Waganda hukiita muziro, na sisi Wahaya vivyo hivyo. Neno lenyewe latoka katika kuzira, yaani kujiepusha na kitu. Nanyi mnaosema Kiswahili hamna haja ya mkalimani hapa, maana mama akiona mtoto amekisukuma chakula husema, "Mtoto huyu amezira." Tofauti ni kwamba mtoto huzira kwa hasira, na kesho hula. Mtu wa muziro huzira kwa heshima, naye hali mpaka afe.

Wataalamu wa Ulaya huita jambo hili totemu, neno walilolipata kwa Waojibwa, watu wakaao penye maziwa makubwa ya Marekani ya Kaskazini. Mimi sioni sababu ya kwenda kuazima neno mbali hivyo wakati sisi tunalo letu, basi nitasema mwiko wa ukoo.

Koo za Waganda zimepita 50. Wako watu wa simba, wa chui, wa ndovu, wa kiboko, wa mbega, wa kima, wa fisi-maji, wa pongo. Wako wa kamongo, yule samaki wa ajabu wa ziwani na mabwawani, mwenye mapafu, ambaye maji yakikauka hujifukia katika matope akakaa humo miezi mingi akingoja mvua. Na wako watu wa senene. Hawa nawaonea huruma. Mwezi wa Novemba, senene wanapotua kwa wingi, nchi nzima hunukia. Watoto hawalali, kila chungu kina mlio wake, na huko kwetu Bukoba mtu huweza kusahau deni lake kwa sahani moja ya senene wa kukaanga. Mtu wa ukoo wa Nsenene hupita katikati ya harufu hiyo yote mkono wake ukiwa mtupu. Sir Apolo Kagwa, aliyekuwa Katikiro wa Buganda na kuandika kitabu cha koo zote za Waganda, alikuwa mtu wa Nsenene. Alikuwa na mamlaka juu ya mambo mengi katika nchi ile, lakini sahani hiyo haikuwa yake.

Yafaa tuondoe kosa moja mapema. Wageni wengi waliposikia mtu akisema ni wa kima au wa simba, waliandika kwamba watu hawa wanaamini wamezaliwa na wanyama. Sivyo. Mganda hasemi, "Mimi ni kamongo." Husema, "Neddira mmamba," na maana yake ni kwamba yeye ni wa upande wa kamongo. Ukiwauliza wazee asili ya mwiko, habari nyingi wazitoazo ni za kawaida kabisa: babu alikula kitu fulani, akaugua au akafa, basi watoto wake wakasema, "Sisi na kitu hiki basi." Mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Claude Lévi-Strauss, alitoa kitabu mwaka 1962 akionyesha kwamba tusiangalie sana mnyama mmoja mmoja na watu wake, bali tuangalie jinsi wanyama wanavyotofautiana. Simba si chui, na chui si mbega, na kila mtoto ajua hivyo. Kwa hiyo watu wakitaka kutofautisha koo zao huzipanga kama wanyama walivyopangika. Nadhani amekaribia kweli, ijapokuwa mtu aliyekwisha kuchapwa fimbo kwa ajili ya mwiko wake atakuambia kwamba si mpango tu. Hayo nitayaeleza baadaye.

Sasa, mwiko huu huonekanaje kila siku? Wengine hudhani ni ngozi ya kuvaa na ngoma ya kuruka kama mnyama. La, huonekana katika mambo madogo. Kwanza ni jina. Katika Buganda kila ukoo una majina yake, na mtoto hupewa jina katika akiba hiyo. Mzee akisikia jina lako njiani, mara nyingi hujua mwiko wako kabla hujafungua kinywa tena. Pili ni mlio wa ngoma. Kila ukoo una mpigo wake, na mpigo una maneno yake, na mtu akiusikia usiku hujua ni nani aitwaye. Tatu ni ndoa. Vijana wawili wakipendana, swali la kwanza si shule wala mali, ni mwiko. Wakiwa na mwiko mmoja, wao ni ndugu, hata kama babu yao wa pamoja hajulikani amekufa lini, na mapenzi hayo lazima yaishe. Nimewaona walimu vijana wakiilia sheria hii. Sikujua la kuwaambia.

Tena ukoo umepangwa kama nyumba. Mkuu wa ukoo mzima ndiye kilele cha paa, kasolya. Chini yake huja masiga, na hapo Mswahili atatega sikio, maana ni yale yale mafiga matatu ya kuinjikia chungu. Chini ya masiga kuna mituba, ambao ni miti ya kutengenezea nguo za magome, na mwishowe ni lugya, yaani ua wa nyumba. Mtoto aliyefundishwa vema huweza kujitaja kwa kupanda ngazi hizo moja moja, toka ua wa baba yake mpaka kilele cha paa, mbele ya watu, bila kukwama. Mimi nimewafundisha vijana wengi mito ya Ulaya kwa mpango, lakini sijasikia mpango uliosomwa kwa fahari kama ule.

Koo zilikuwa na kazi zao pia katika jumba la Kabaka. Mkuu wa watu wa kamongo, aitwaye Gabunga, ndiye aliyekuwa msimamizi wa mitumbwi ya mfalme. Watu wa uyoga walikuwa na ngoma yao ya kucheza mbele ya mfalme. Watu wa fisi-maji ndio mafundi wa nguo za magome, chini ya mkuu wao Kaboggoza. Na kazi hiyo haikufa, maana mwaka 2005 shirika la UNESCO liliitangaza kuwa miongoni mwa urithi wa wanadamu wote. Na mfalme mwenyewe, kwa desturi ya zamani, alichukua mwiko wa mama yake, si wa baba. Fikirini werevu wa jambo hilo. Kama ufalme ungalifuata mwiko wa baba, ukoo mmoja ungalitawala siku zote na wengine wangalinung'unika. Lakini kwa kuwa ulifuata wa mama, kila ukoo uliomwoza binti yake kwa mfalme uliweza kutumaini kwamba mtoto wao atakaa kitini.

Mwaka 1967 falme za Uganda zilifutwa kwa sheria, na Kabaka hakurudi kitini mpaka mwaka 1993. Katika miaka hiyo 26 hapakuwa na jumba wala kiti, lakini watoto walizaliwa wakapewa majina ya koo, na watu wa kamongo hawakula kamongo. Sheria huweza kuondoa kiti. Haijui njia ya kuingia katika chungu cha mtu. Kuna tena mashindano ya mpira wa miguu ya koo yaliyoanzishwa mwaka 1950. Hapo utasikia wazee wenye kanzu nyeupe wakipiga kelele kwamba senene amefungwa na kima, na hakuna acheshaye, wamekasirika kweli.

Si Buganda tu. Kwa Wakalenjin wa Kenya kila ukoo una mnyama wake, au jua, au radi. Na ukoo wa Talai, uliotoa makuhani wa Wanandi na yule Koitalel arap Samoei aliyeuawa mwaka 1905, alama yao ni simba. Rwanda, Wanyiginya waliotoa wafalme alama yao ni korongo mwenye taji, Waega ni chura, Wazigaba ni chui, Wagesera ni ndege mdogo yule atikisaye mkia. Na katika koo hizo za Rwanda wamo Wahutu, Watutsi na Watwa pamoja. Nalitaja hili kwa sababu wako wasemao kwamba mwiko mmoja huleta undugu usiovunjika. Mwaka 1994 watu wenye alama moja waliuana. Mwiko ni kamba, na kamba hukatika.

Sasa nirudi kwangu, kama nilivyoahidi. Mimi nimezaliwa magharibi ya ziwa, upande wa Bukoba, katika ukoo ambao mwiko wake ni pongo. Mama yangu alitoka ukoo mwingine, lakini alipoolewa aliushika mwiko wa baba pamoja na wake, hata ikawa katika chungu chetu haviingii vitu viwili. Hatukufundishwa jambo hili kwa maneno mengi. Tuliambiwa tu kwamba mtu wa pongo akila pongo ngozi yake itafanya mabaka na meno yatalegea.

Nilipokuwa na umri wa miaka kama 14 nilikaa bweni katika shule moja, mbali na nyumbani. Siku moja ililetwa nyama ya porini, nasi tulifurahi sana, maana tulikuwa tumechoka na maharage. Tulipokwisha kuketi, mpishi akasema kwa sauti ni nyama ya pongo. Mezani petu tulikuwa wawili wa mwiko huo, mimi na mwenzangu mmoja ambaye nyumba ya baba yake haikuwa mbali na yetu. Mwenzangu akaweka mikono yake juu ya mapaja. Mwalimu wa zamu akaja, akauliza kwa nini hali. Akajibu, "Nimeizira, bwana." Mwalimu akasema kwamba huo ni ushenzi, na kwamba chakula cha shule hakitupwi, atakayekiacha atapata fimbo sita. Kisha akanigeukia mimi.

Nikala. Sikula kwa njaa, wala kwa kuogopa fimbo sana, maana fimbo nilikwisha kuzizoea. Nilikula kwa sababu mwalimu yule alikuwa akinitazama, na mimi nilitaka aone kwamba nimeelimika. Nilikula hata nikamaliza, nikasema kwamba ni tamu. Mwenzangu akapata fimbo zake sita, akarudi, akakaa kando yangu. Hakusema neno.

Ngozi yangu haikufanya mabaka, na meno yangu ninayo. Lakini likizo ilipofika nilienda nyumbani nikihesabu siku. Niliogopa mwenzangu atasema kwa baba yake, na baba yake atasema kwa baba yangu. Kila mgeni aliyeingia uani nilidhani ameleta habari hiyo. Hakuna aliyeileta. Likizo ikaisha, na nyingine pia, na mimi nikawa mwalimu, kisha mkufunzi wa walimu. Katika chuo chetu vijana hutoka pande zote za ziwa, nami muhula uanzapo hupita kwa mpishi nikiwa na karatasi iliyoandikwa nani hali nini. Wenzangu hunicheka kidogo, husema nimekuwa mzee wa mila. Siwaambii sababu.

Vijana wengi siku hizi hawajapata hata kumwona mnyama wa mwiko wao. Nilimwuliza mmoja, mtu wa pongo kama mimi, pongo yukoje. Akafikiri, akasema ana pembe, akakoma hapo. Nikamtafutia picha katika kitabu cha wanyama: ngozi ya rangi ya udongo, na madoa meupe ubavuni. Aliitazama muda mrefu, kama mtu atazamaye picha ya babu aliyekufa kabla hajazaliwa.

Baba yangu alifariki nikiwa nimekwisha kuwa mtu mzima. Usiku wa matanga wanaume wa ukoo walikaa pamoja kwenye nyasi zilizotandazwa ndani ya nyumba, kama ilivyo desturi yetu. Mimi nilitoka safarini nikachelewa, nikaingia giza limekwisha kutanda, nikasimama mlangoni kwa kuwa sikuona mahali. Mzee mmoja akauliza, "Ni nani huyo, wa mwiko gani?" Kabla sijajibu nilisikia sauti ya yule mwenzangu wa shuleni toka ndani. "Ni wa pongo," akasema, akasogea, akanipigia nyasi kwa kiganja chake ili nijue mahali pa kukaa.