Unarudi Kwenye Gofu? Soma Hii Kabla ya Kutuma Pesa ya Fimbo

Watoto wamemaliza shule, barua ya kustaafu iko kwenye droo, na daktari amekuambia utembee zaidi. Ghafla unakumbuka ule mfuko wa gofu ulio nyuma ya mlango wa stoo tangu enzi za Moi. Wazo ni zuri. Raundi ya mashimo 18 ni mwendo wa kilomita nane hivi, wakati mwingine zaidi, na unatembea ukipiga stori na marafiki.

Sisi kazi yetu ni pesa ya simu, si gofu. Lakini gofu inatuhusu kwa sababu fimbo zake ni ghali, nyingi zinauzwa mkono kwa mkono, mara nyingi kwa picha ya WhatsApp tu, na anayenunua huwa na haraka ya kuanza Jumamosi hii. Hapo pesa ya kustaafu hupotea kwa njia mbili. Ama unanunua fimbo halisi ambazo mwili wako hauziwezi, ama unalipia fimbo ambazo hazipo kabisa. Tutaanza na hiyo ya kwanza, maana ukishajua unachotafuta ni vigumu mtu kukuuzia picha.

Nunulia mwili ulio nao leo

Kama uliacha gofu zamani, jua kwamba vifaa vimebadilika sana. Seve Ballesteros aliposhinda Kenya Open mwaka 1978, kichwa cha draiva, ile fimbo ndefu ya kuanzia, kilikuwa cha mti kweli kweli. Leo ni cha chuma chepesi chenye uwazi ndani, na kanuni zinaruhusu ukubwa wa hadi sentimita 460 za ujazo. Kichwa kikubwa kinasamehe. Ukigonga mpira pembeni kidogo, bado unaenda mbele badala ya kuingia kichakani. Kwa mtu anayerudi akiwa na miaka 58, hiyo peke yake ni sababu ya kutong'ang'ania draiva ya zamani.

Kitu cha muhimu zaidi, na ambacho wengi hawakiangalii, ni mpini. Kichwa kinang'aa na kina jina la kampuni, kwa hivyo macho yanaenda huko. Lakini ni mpini unaoamua kama mpira utapaa au utateleza chini kwa chini. Angalia herufi iliyoandikwa juu yake. S ni mpini mgumu, wa mtu anayepiga kwa kasi. R ni wa kawaida. A ni laini zaidi, na huo ndio hutengenezewa watu ambao kasi yao imepungua. L ni laini kuliko yote na kwa kawaida huuzwa na seti za wanawake. Ulipokuwa na miaka 30 huenda ulitumia S na ukaiweza. Leo ukiichukua hiyo hiyo utalazimika kupiga kwa nguvu zote ili mpini upinde, na mgongo na viwiko ndivyo vitalipa. Kama mpira wako wa draiva hautui zaidi ya yadi 200 hivi, anza kujaribu A, kisha R, na usione haya.

Uzito nao. Mpini wa chuma wa fimbo moja huwa kati ya gramu 90 na 130. Wa grafaiti huwa kati ya 50 na 80 kwa nyingi. Tofauti inaonekana ndogo ukiwa dukani. Ifikirie kwenye shimo la 15, jua la saa saba, mikono imechoka. Grafaiti pia hupunguza ule mtetemo unaopanda hadi kwenye kiwiko ukigonga ardhi, na mwenye yabisi anaujua vizuri.

Halafu kuna zile fimbo ndefu za chuma, namba 3 na namba 4. Ziache. Hata vijana wengi zinawashinda. Nafasi yake sasa inachukuliwa na haibridi, yenye kichwa kifupi na kinene kinachoinua mpira kirahisi hata kwenye nyasi ndefu. Yule rafiki yako wa klabuni atakuambia haibridi ni za wazee. Mkumbushe mwaka 2009, PGA Championship kule Hazeltine, Marekani. Kwenye shimo la mwisho Y.E. Yang, akiwa na miaka 37, alitoa haibridi, mpira ukatua karibu na shimo, na Tiger Woods akashindwa. Kiangazi hicho hicho Tom Watson, mwenye miaka 59, alikosa kushinda The Open kwa pigo moja tu kisha akashindwa kwenye mchujo. Kwa hivyo mambo ya umri tuyaache.

Draiva yenyewe itafute yenye uso ulioinama nyuma nyuzi 10.5 hadi 12, si 9. Mpira wa mtu wa kasi ndogo unahitaji msaada wa kupaa. Na kama unacheza Nairobi, kumbuka uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na mpira unaenda mbali kidogo zaidi. Ukishuka Nyali utaona fimbo zile zile zinakupa umbali mfupi. Usiziuze kwa hasira! Ni hewa ya pwani tu.

Usinunue zote kumi na nne

Kanuni zinasema usibebe zaidi ya fimbo 14. Hazisemi lazima ziwe 14. Muuzaji atataka uchukue seti nzima pamoja na mfuko na kofia, lakini kwa miezi ya kwanza unaweza kucheza na saba bila shida: draiva, haibridi moja au mbili, chuma namba 7 na namba 9, moja ya mchanga, na ile ya kusukuma mpira shimoni. Hii ya mwisho inaweza kuwa ile yako ya zamani, kwa sababu haihitaji nguvu na mkono wako unaijua.

Kabla ya kununua chochote, toa ule mfuko wa stoo umpelekee fundi wa fimbo au mkufunzi wa klabu. Huenda tatizo ni mishikio tu, ile mipira ya mkononi ambayo ikikaa miaka inakauka na kuteleza. Kuibadilisha ni gharama ndogo sana ukilinganisha na seti mpya, na kama vidole vinauma unaweza kuomba mishikio minene ambayo haikulazimishi kukaza mkono. Viatu angalia pia. Kama vyako vina misumari ya chuma, viwanja vingi havikubali tena. Siku hizi ni ya plastiki au raba.

Sasa tuongee pesa

Tuseme umeona tangazo mtandaoni: seti ya mkono wa pili, grafaiti, 45,000. Picha safi. Unapiga simu, muuzaji ni mpole ajabu, anakuita mzee kila sentensi. Anasema kuna mtu mwingine anaitaka, kwa hivyo tuma 10,000 ya kushikia. Hapo simama kwanza. Haraka ni yake, pesa ni yako.

Ukishatuma kwa hiari yako, sisi hatuwezi kuichomoa tu kwa sababu mzigo haujafika. Kuomba muamala urejeshwe kumewekwa hasa kwa aliyekosea nambari, na hata huyo anatakiwa kuomba papo hapo, kwa sababu aliyepokea akishatoa pesa kwa wakala hakuna kitu kilichobaki cha kurejesha. Watu wengi hawalijui hili mpaka siku wamechezwa.

Kwa hivyo ona fimbo kwanza. Kutaneni mchana, kwenye uwanja wa mazoezi au kwa mkufunzi, upige mipira ishirini nazo. Soma herufi ya mpini. Tazama shingo ya kichwa, maana fimbo nyingi halisi zina nambari iliyochongwa hapo, na rangi isiyo sawa au uandishi uliopinda ni dalili ya bandia. Ukiridhika, lipa hapo hapo. Kama ni duka, omba nambari ya till, na kabla ya kuweka PIN soma jina linalotokea kwenye simu. Kama duka linaitwa hivi na jina lililotokea ni la mtu mwingine kabisa, uliza, na jibu lisipoingia akilini, ondoka. Si kila anayeuza kwa nambari yake binafsi ni mkora. Wanagofu huuziana hivyo kila wiki. Lakini huyo ndiye wa kumlipa ukiwa umeshika mfuko.

Ukiagiza kutoka nje, weka hesabu ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 juu ya bei. Kisha jihadhari na simu ya "mzigo umekwama uwanja wa ndege, tuma ada ya kuutoa." Ushuru wa serikali haulipwi kwa nambari ya simu ya mtu. Ada ya uanachama ni vivyo hivyo: chukua nambari ya paybill ofisini kwa klabu, si kwenye grupu ambako mtu ame-forward tu.

Na ule mfuko wa zamani ukiamua kuuuza? Hapo wewe ndiwe unayewindwa. Ujumbe wa "umepokea 20,000" unaweza kutoka kwa simu ya kawaida. Usitoe fimbo mpaka uangalie salio lako mwenyewe, si ujumbe unaosomewa. Na "mnunuzi" akikuambia ametuma zaidi kimakosa, umrudishie tofauti haraka, usitume kitu. Mwambie aombe kurejeshewa kupitia huduma kwa wateja ya mtandao wake. Aliyekosea kweli atakubali.

Mkopo wa simu kwa ajili ya fimbo, hapana. Tunakopesha na bado tunasema hapana. Afadhali ufungie kiasi fulani kwenye akiba kila mwezi, uanze na haibridi moja, ya pili ije baadaye.

Jambo la mwisho ni kedi. Ndiye atakayebeba huo mfuko, kwa hivyo saba ni bora kuliko kumi na nne hata kwake. Kubalianeni malipo kabla ya shimo la kwanza, na ukimlipa kwa simu mwisho wa raundi, ongeza ada ya kutoa pesa ili apate kiasi mlichokubaliana. Mtaje jina lake lililotokea kwenye simu, athibitishe, ndipo uweke PIN.