Uwanja wa Amani, bei ya tiketi na ubishi wa nani bora: sheria inasemaje?



Maswali ya mpira yanayotufikia yamebadilika. Zamani tukiulizwa jambo moja tu, kwamba mpira ni halali au haramu. Siku hizi mama anauliza kama baba watoto ana haki ya kutoa pesa ya nyumba akanunulia tiketi ya jukwaa la juu. Kijana anauliza kama faida aliyoipata kwa kuuza tiketi nje ya geti la Amani ni halali. Mzee anauliza afanye nini na wanawe, wamebishana juu ya wachezaji mpaka hawasemezani. Tumeona tuyajibu pamoja, kwa sababu yote yanatoka kwenye jambo moja: mpira mkubwa umekuja mpaka mlangoni kwetu, na umekuja na gharama zake.

Tuanze na uwanja wenyewe. Uwanja wa Amaan ulifunguliwa mwaka 1970, ukijengwa kwa msaada wa China. Ukarabati mkubwa ulifanywa na kampuni ya Orkun ya Uturuki, na ukazinduliwa upya tarehe 27 Disemba 2023. Wiki mbili na siku chache baadaye, 13 Januari 2024, Mlandege wa hapa hapa mjini wakawafunga Simba 1-0 kwenye fainali ya Kombe la Mapinduzi. Tarehe 25 Mei 2025 Simba wakacheza hapo na RS Berkane ya Morocco, mchezo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakatoka sare 1-1 na kombe likaondoka kwa jumla ya mabao 3-1. Agosti ya mwaka huo huo yakaja mashindano ya CHAN. Sudan waliwafunga Nigeria mabao manne kwa bila pale Amani, na katika robo fainali wakaitoa Algeria kwa penalti. Mbele yetu kuna AFCON ya 2027, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kwa pamoja.

Sasa tazameni hesabu. Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, unachukua watu 60,000. Amaan unachukua kama 15,000. Mechi iliyotakiwa kutazamwa na uwanja wa watu sitini elfu ikiletwa kwenye uwanja wa watu elfu kumi na tano, basi kila kiti kimoja kina watu wanne wanaokitaka, na bado hatujawahesabu waliopanda boti kutoka Dar na waliotoka Pemba. Bei itapanda hata kama hakuna mtu mwenye nia mbaya.

Je, bei ikipanda ni dhulma? Hapa watu wengi huharakisha kusema ndiyo. Bei zilipopanda Madina, watu walimwendea Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) wakamtaka awapangie bei. Hakukubali. Aliwaambia kwa maana ya kwamba Allah ndiye mwenye kuzipandisha na kuzishusha, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake pasi na mtu wa kumdai dhulma ya damu wala ya mali. Hadithi hii imepokewa na Abu Dawud na at-Tirmidhi. Ikiwa hali ilikuwa hivyo kwa chakula cha sokoni, tiketi ya mpira, ambayo mtu akiikosa hafi njaa, ina nafasi ndogo zaidi ya kuitwa dhulma kwa sababu tu ni ghali. Asiyeimudu atatazama barazani kwa jirani, na kwa kweli ataona vizuri zaidi kuliko aliyekaa nyuma ya goli.

Lakini kuna upande wa pili, nao tunausema bila kuuma maneno. Uwanja huu ni mali ya umma. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wana kanuni, imo katika al-Ashbah wan-Nadhair ya Imam as-Suyuti, kwamba kila anachofanya kiongozi juu ya raia kimefungwa na maslahi yao. Nafasi yake ni kama ya msimamizi wa mali ya yatima. Kwa hiyo mwenye kukodi ukumbi wake binafsi ana uhuru wa bei, ila mwenye kusimamia uwanja wa wananchi anatakiwa ahakikishe mvuvi wa Mkokotoni na mwanafunzi wa skuli wana sehemu yao ya bei nafuu. Majukwaa ya juu yawe ghali yanavyotaka, na pesa yake isaidie kuweka mzunguko rahisi. Hiyo ni rai yetu, na tunaona ni ya kupelekwa kwa wahusika kwa adabu kabla ya AFCON, kwa kuwa baada ya hapo haitafaa kitu.

Tuje kwa yule kijana aliyeuza tiketi. Jibu lake si fupi kama alivyotaka.

Tiketi si bidhaa kama unga. Ni haki ya kukaa mahali kwa muda maalumu, kwa hiyo ni aina ya ijara, yaani kukodi manufaa. Kwa Shafi, aliyekodi kitu akakipokea anaweza kukikodisha kwa mwengine, hata kwa bei ya juu zaidi. Na ule ulimbikizaji uliokatazwa katika hadithi ya Muslim, wanazuoni wetu wameufunga zaidi na chakula ambacho watu wanakihitaji ili waishi. Kwa hiyo mtu aliyenunua tiketi yake, akaumwa au akapata safari, akaiuza, hata kwa faida, hatuwezi kumwambia amekula haramu.

Ila mambo matatu yanaweza kuiharibu biashara hiyo, na kwa bahati mbaya ndiyo yanayotokea sana siku za mechi kubwa. La kwanza ni sharti. Kama aliyeuza tiketi aliweka wazi kwamba isiuzwe kwa mtu mwengine, na wewe ukanunua juu ya sharti hilo, Waislamu wanabaki na masharti yao. La pili ni uongo: kumwambia mtu tiketi zimekwisha dirishani na hali unajua zipo, au kumuuzia ya mzunguko kwa jina la jukwaa, au tiketi iliyokwisha kupita getini mara moja. Mtume alipoingiza mkono kwenye rundo la chakula sokoni akakuta umajimaji chini, alimkana mwenye kufanya udanganyifu huo. Hiyo nayo imo kwa Muslim. La tatu ni njama baina ya mwenye dirisha na walanguzi, tiketi zinatolewa kwa mlango wa nyuma kabla wananchi hawajapanga foleni. Hapo si suala la faida tena, ni khiyana ya amana, na pesa iliyopatikana humo inarudishwa kwa wenyewe. Kijana wetu ajipime kwa haya.

Suala la mama ndilo lililotushughulisha zaidi.

Tuchukue mfano. Fundi anapata shilingi 20,000 siku anayopata kazi. Anakwenda Amani na mwanawe, tiketi 10,000 kila mmoja, na nauli ya daladala, maji na karanga 5,000. Jumla 25,000, yaani kazi ya siku moja na robo. Kama nyumbani kuna unga, mafuta, ada ya skuli imelipwa na hakuna deni lililofika muda wake, matembezi haya hayana ubaya. Tena yana kheri ndani yake. Mtume alishindana mbio na Bibi Aisha (radhiyallahu anha), na alisimama akamkinga kwa nguo yake awatazame Wahabeshi wakicheza na mikuki msikitini mpaka yeye mwenyewe alipochoka kutazama. Baba anayemchukua mwanawe mpirani hakutoka nje ya mwendo huu.

Lakini kama 25,000 ile ndiyo pesa ya chakula, basi hukumu inageuka. Nafaka ya mke ni wajibu juu ya mume kwa kadiri ya uwezo wake, na kwa Shafi ikipita siku hakuitoa haifutiki. Inabaki deni shingoni mwake hata kama kadhi hajahukumu. Wanaume wengi hawalijui hili. Wanadhani siku iliyopita imepita. Abu Dawud amepokea kwamba inatosha kuwa dhambi kwa mtu kuwapoteza anaopaswa kuwalisha. Na tunamkumbusha mama aliyetuuliza kisa cha Hind bint Utba, alipomshitaki mumewe Abu Sufyan kwa ubahili. Mtume alimruhusu achukue katika mali yake kinachomtosha yeye na wanawe, kwa wema. Kinachotosha, si zaidi. Tunashauri aanze kwa mazungumzo, siku isiyokuwa ya mechi.

Katika pesa za mpira kuna nyengine ambayo haipiti dirishani. Ubashiri wa mechi kwa pesa ni kamari, na kamari imetajwa pamoja na ulevi katika Suratul Maida aya ya 90 na 91. Kijana kuubonyeza kwenye simu badala ya kuuweka mezani hakubadilishi kitu. Hili wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba dau la soda barazani, anayefungwa timu yake anunue, ni hiyo hiyo kamari kwa sura ndogo. Na kuna mashindano yetu ya mitaani: timu nane, kila moja inatoa kiingilio, viingilio vinanunua mbuzi, mshindi anachinja. Wenye kuandaa ni watu wazuri na nia yao ni kuwaweka vijana mbali na dawa za kulevya. Lakini kila timu hapo ama itapata zaidi ya ilichotoa, ama itapoteza, na hiyo ndiyo maana ya kamari kwa wanazuoni. Imam an-Nawawi katika al-Minhaj ameitaja michezo ambayo haifai kuwekeana dau, na mpira unaopigwa kwa fimbo umo. Njia ya kutoka ni nyepesi: viingilio vilipie marefa, jezi na chokaa ya mistari, na mbuzi atolewe na mtu wa pembeni asiyecheza, mwenye duka au mwakilishi wa jimbo, awe zawadi yake kwa mshindi. Mashindano yatabaki yale yale.

Kuhusu muda wa swala, tatizo si mechi ya saa 10 wala ya saa 2 usiku. Ya saa 10 utaswali Alasiri kabla haijaanza na Magharibi baada yake. Ya saa 2 utaswali Magharibi kwanza, na Isha ina wasaa. Tatizo ni mechi ya saa 11 jioni. Jua linazama kipindi cha pili, na muda wa Magharibi ni mfupi kuliko wa swala zote. Foleni ya kutoka Amani pekee inaweza kuumaliza. Kukusanya swala kwa ajili ya mpira hakuna. Atakayekwenda ajue kabla ataswali wapi, atoke dakika kumi, arudi. Bao atalikuta kwenye simu za watu. Na mapaja ya wachezaji, kwa Shafi uchi wa mwanamme ni baina ya kitovu na magoti. Wapo wanazuoni wenye rai nyepesi kwa hadithi ya Anas siku ya Khaybar iliyomo kwa Bukhari. Tunawahimiza vijana wetu wavae kaptula ndefu, na hatuwapigii makelele wanaotazama.

Limebaki la mzee na wanawe. Kupanga watu kwa daraja si kosa. Wanazuoni wa hadithi wamewapanga wapokezi tabaka kwa tabaka, huyu madhubuti, huyu dhaifu, na wakafanya hivyo kwa vipimo vinavyojulikana. Tatizo la ubishi wa Jaws Corner ni kwamba hakuna anayeuliza kipimo. Mpira wa Dhahabu ulianza mwaka 1956, na hadi kabla ya 1995 ulikuwa ni kwa wachezaji wa Ulaya tu. Pelé hakuupata, na sababu ilikuwa kanuni, si mguu wake. Mwaka 1995 mlango ulipofunguliwa kwa wageni wanaocheza Ulaya, George Weah wa Liberia akauchukua. Na zile ni kura za waandishi wa habari. Ni rai za watu.

Orodha ya FIFA ya nchi ni kitu chengine, ile ni hesabu. Tangu 2018 timu mbili zikicheza hupeana pointi: ukimfunga aliye juu yako unachukua nyingi, ukimfunga dhaifu unachukua kidogo, na mechi ya Kombe la Dunia ina uzito wa 50 au 60 pale ambapo ya kirafiki ina 5 au 10. Zanzibar haimo katika orodha hiyo, kwa sababu si mwanachama wa FIFA. Hata uanachama wa CAF tuliupata Machi 2017 ukaondolewa Julai. Basi anayesema Zanzibar ni ya ngapi duniani anasema jambo lisilokuwepo, na vijana wetu wanapocheza Taifa Stars wanahesabiwa huko.

Kwa hiyo wanao, mzee, wana haki ya kutofautiana. Wasichokuwa nacho haki ni kudharauliana na kuitana majina, jambo lililokatazwa katika Suratul Hujurat aya ya 11, wala Mwislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu. Waite wote wawili, wakae mbele yako. Usiwaulize nani mchezaji bora. Waulize nani kati yao ataanza kutoa salamu, kwani Mtume amesema huyo ndiye mbora wa wawili.

Wallahu a'lam.